Ile Taa Nyekundu Tuliyodhani Inalala

Katika gari la mama mudogo kuna taa nyekundu ndogo kama punje ya mahindi. Iko upande wa kushoto wa tablo, ule ubao ulio mbele ya usukani, chini ya saa ya mwendo ambayo ilikufa kabla sijazaliwa. Taa hiyo ndiyo iliyonifanya niseme mbele ya watu, na wanaonijua wanajua kwamba hilo si jambo dogo. Mimi maneno yangu yanatoka kwenye kaye tu, daftari langu. Mdomoni yanagoma. Kalasini mwalimu akiniita ninasimama, jibu ninalo, na ninakaa tena nalo.

Mama mudogo ni mdogo wa mama yangu, na mimi naye hatufanani hata kidogo. Anaendesha gari lake mwenyewe, jeep ya zamani ya essence, yaani petroli, ya chuma tupu, ambayo alipoinunua ilikuwa imeota majani kwenye kiti cha nyuma. Anabeba bamama wauza samaki na mizigo yao kutoka hapa Baraka hadi soko la Fizi, na jioni anawarudisha pamoja na mihogo na maharagwe yao. Ninakaa mbele karibu naye, siku za masomo mpaka shuleni, siku nyingine mpaka Fizi, nimeshika kamba ya mlango, maana kitasa chake kiliisha zamani.

Kila asubuhi ni vile vile. Anazungusha ufunguo nusu, taa nyekundu inawaka. "Umeamuka?" anaiuliza. Kisha anazungusha nusu iliyobaki, injini inakohoa, inashika, na taa inafifia taratibu mpaka inazimika. Hapo ndipo anapokanyaga. Sijawahi kumuona akiondoka kabla taa haijazimika, hata mvua ikiwa inatupiga. Kuna mama mmoja mwenye sauti kubwa, daima anakaa nyuma kabisa juu ya gunia, yeye ndiye anayeuliza habari ya taa kwa niaba ya wote:

"Yule mutoto amelala?"

"Amelala!" anajibu mama mudogo.

"Basi twende, samaki haiko na subira!"

Nilikuwa nampenda mama mudogo kwa ajili ya salamu ile. Mtu anayesalimia gari lake kabla ya kulituma kazi, kwangu huyo ni mtu mkubwa. Siku moja nilimuuliza taa ile inafanya kazi gani. Akasema, "Ikiwaka njiani, njo taabu. Ikilala, tuko salama. Zaidi ya pale mi sijui." Nikaliandika hilo kwenye kaye.

Sasa niandike nilichofanya.

Mwalimu wetu wa fizikia alisema juma linalofuata tutajifunza mwendo wa umeme, na kila mwanafunzi alete ampule ndogo ya kioo, yenye uzi ndani. Hizi taa nyeupe za tochi za siku hizi hakuzitaka, kwa sababu hazina uzi. Asiyeleta angesimama mbele na kueleza kwa nini. Kwa mwingine hiyo ni adhabu ya kuchekesha tu. Mimi nilikosa hamu ya kula. Nilitafuta siku tatu, nyumbani na kwa majirani, wapi. Jumapili nilikuwa nasafisha gari la mama mudogo ndani, kitambaa mkononi, na mkono ukafika nyuma ya tablo. Kishikio cha ile taa kinazungushwa robo tu, kinatoka. Ampule ilikuwa mpya, inang'aa.

Sikuichukua bila kuwaza. Niliwaza sana. Nilijiambia: taa hii inawaka gari likiwa limesimama. Gari likianza kutembea, taa inazimika. Kwa hiyo gari linapofanya kazi, taa haifanyi kazi. Kitu ambacho safari yote kimelala, kikikosekana siku mbili, nani ataumia? Hesabu hiyo niliiona nzuri kabisa. Mpaka leo ninaiona nzuri, ndiyo maana inaniuma.

Shuleni ampule yangu iliwaka kuliko zote. Mwalimu aliinyanyua, akasema, "Muangalie uzi ndani! Nani ameleta hii?" Nilinyoosha kidole mpaka usawa wa sikio.

Jumatatu ile gari halikuwa limetoka. Kesho yake mama mudogo alizungusha ufunguo nusu, taa haikuwaka. Akaigonga kwa ukucha. "Eh! Hata salamu leo hapana?" Akawasha injini, ikashika kama kawaida. "Ampule iko mupya, nilitia mbele ya Noeli. Ni waya imetoka fasi fulani. Tutaona kisha."

Kule nyuma bamama walifurahi.

"Afazali! Ile jicho nyekundu ilikuwa inaniogopesha," mmoja alisema.

"Motokari imepona malaria!" akasema yule mwenye sauti kubwa.

Ampule ilikuwa miguuni pangu, ndani ya begi, ndani ya kiboksi cha kompasi, nimeifunga kwa karatasi ya kaye. Nilifungua mdomo. Mama mudogo akapiga klaxon kwa ajili ya mbuzi, na mdomo ukafunga. Kesho yake niliona ni vigumu zaidi, na kesho kutwa ni vigumu kabisa. Ningesema nini? Kila siku iliyopita iliongeza swali la pili: na jana kwa nini ulinyamaza? Kuirudisha kwa siri niliogopa pia, maana taa ikiwaka ghafla angeuliza nani ameigusa.

Baada ya juma moja klaxon ilianza kulia kama mbuzi mwenye mafua. Asubuhi gari halikuwaka bila kusukumwa. Nilisukuma pamoja na wengine, nikisikia kiboksi kinagonga mgongoni. Ajabu ni kwamba siku nyingine, tukikimbia kwenye tambarare ya kando ya ziwa, batri ilipata nguvu tena, na mama mudogo akasema, "Munaona? Iko inapona." Kisha tukipanda milima polepole, inakufa upya. Aliipeleka mara mbili kwa watu wanaochaji kwa jua. Kosa lote aliitupia batri.

Wakati huohuo ikaja habari ya koko, yaani nyanya yangu, mama yao mama yangu na mama mudogo, anayeishi Lubondja, milimani kupita Fizi. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anatutambua kwa sauti, na mimi, kwa kuwa sina sauti, alikuwa ananitambua kwa kunishika masikio. Waganga wa macho, yaani madaktari, walikuwa wamekuja hospitali ya Baraka kwa siku chache tu. Koko aliandikwa kupasuliwa siku ya mwisho, Ijumaa asubuhi. Baada ya hapo waganga wanaondoka, na hakuna aliyejua kama watarudi. Alhamisi mapema, shule imeniruhusu, tulipanda kumchukua, mimi na mama mudogo, na bamama wachache waliokuwa na mizigo ya huko.

Kupanda kulikuwa salama. Tulimkuta koko amekaa mlangoni tayari, kitenge kipya, fundo lake mapajani. Tulimweka kiti cha mbele, mimi nikahamia nyuma kwenye magunia, pamoja na bamama waliokuwa wanarudi. Kurudi, tulikuwa karibu kuingia Fizi, injini ikaanza kukatakata. Gari la essence bila umeme haliwezi kuchoma mafuta yake. Likakohoa mara tatu, likanyamaza katikati ya kilima.

"Tumefika?" koko akauliza.

"Bado, mama," akasema mama mudogo, na sauti yake haikuwa yake.

Tulisukuma. Kwa bahati baada ya kilima kulikuwa na mteremko, gari likaingia Fizi kwa uzito wake mwenyewe, likasimama mbele ya kibanda cha fundi wa umeme wa magari. Ni mwanaume mwembamba mwenye kalamu nyuma ya sikio, anayefunga jicho moja akiwaza. Alifungua boneti, akagusa hapa, akapima pale.

"Batri yako ni muzima," alisema. "Iko na njaa tu. Hakuna ile inaipa chakula." Akapiga kwa kidole kile chombo cha mviringo kinachozungushwa na mkanda wa injini. "Huyu alternateur haitoe kitu. Taa yako ya rouge, ile nyekundu, ilikuambia nini?"

"Haikusema kitu. Iko na majuma mawili haiwake kabisa."

Fundi akafunga jicho. "Haiwake hata ukizungusha ufunguo? Na uliendelea kutembea?"

"Si ikizima njo muzuri?"

"Mama, kuja huku."

Ninaandika alichofanya kwa sababu sijaona mwalimu aliyefundisha vile. Alichukua bidon mbili za plastiki zilizokatwa juu, akaweka moja yenye maji na nyingine tupu kwenye benchi, akaziunganisha chini kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, huku ameubana kwa vidole. Bamama walishuka kwenye gari wakazunguka.

"Bidon ya maji njo batri. Ile tupu njo alternateur, bado haijazunguka. Na mupira njo taa yenu. Muangalie." Aliachia mpira, tukaona maji yanakimbia kutoka bidon moja kwenda nyingine. "Maji ikipita, taa inawaka. Njo ile unaona ukizungusha ufunguo. Sasa injini imeshika, alternateur inazunguka, inaleta maji yake." Akachukua kopo, akamimina maji kwenye bidon ya pili mpaka vimo vya bidon zote mbili vikawa sawa. "Sasa ndani ya mupira iko nini?"

"Maji imesimama," akasema yule mama mwenye sauti kubwa, kwa sauti ndogo.

"Imesimama. Njo taa inazima. Haizime ju imechoka. Inazima ju pande mbili ziko sawa, hakuna anasukuma mwenzake. Alternateur ikikufa njiani, kimo yake inashuka, maji inapita tena, taa inakuita."

Mama mudogo alikuwa ameshika kiuno, anatazama ule mpira. "Miaka yote nazania inalala!"

"Hailale. Iko inapima. Safari nzima, kila dakika, iko inapima pande mbili."

Sijui wengine walisikia nini. Mimi nilivuta begi langu karibu. Kitu kimoja kidogo, uzi ndani ya kioo, hakina akili, hakina sindano ya kuonyesha namba, kimewekwa tu katikati ya wenye nguvu wawili, na kwa kuzimika kwake kinasema wamekubaliana. Nilikuwa nimekiita mvivu.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. "Na iko kazi ingine, bantu wengi hawaijue. Hawa wauza essence, wakitaka mafuta ipite ndani ya mupira, wanaanza namna gani?"

"Wanavuta na kinywa," tulisema. Na mimi nilisema, lakini midomo tu.

"Njo vile. Alternateur ikiamuka haina nguvu ya sumaku. Inaomba kwanza courant, ni kusema umeme, kidogo tu, na ile kidogo inapitia ndani ya taa. Taa njo kinywa. Ikishavuta, kisha mafuta inakuja yenyewe. Bila taa, alternateur inaweza kuzunguka mpaka kesho kama jiwe la kusaga bila mahindi. Ukikimbiza motokari sana, siku ingine inaamuka yenyewe. Ukipanda polepole, hapana."

Basi ndiyo maana ya tambarare na ya milima. Yote yalikaa mahali pake kichwani mwangu, na sikupenda.

"Sasa," akasema fundi, "ampule yako iliungua?"

"Ampule hapana," akasema mama mudogo. "Iko mupya. Nilitia mwenyewe mbele ya Noeli."

"Kama ampule ni muzima na haiwake, basi njia imekatika ndani ya alternateur. Makaa yake imekwisha, vile vipande vidogo vya kupitisha courant. Nitafungua. Makaa hapa sina, itatoka Uvira. Kesho kutwa, kama barabara ni muzuri."

"Kesho kutwa! Mama yangu anapasuliwa macho kesho asubuhi!"

Bamama wote wakaanza kusema kwa pamoja. Hakukuwa na gari lingine la kushuka, yale ya kutoka Lulimba yalikuwa yamekwama kwenye matope. Mmoja akasema pikipiki. Koko alisikia kutoka ndani.

"Mi hapana panda pikipiki! Sioni hata fasi ya kushika!" Kisha, polepole, "Muache tu. Nilizoea."

Hilo la "nilizoea" ndilo lililonitoa kwenye magunia. Fundi alikuwa ameshaweka spana kwenye bolti ya kwanza, nikaisikia inalia ikilegea. Alikuwa sahihi kabisa kwa vile alivyoambiwa. Hapo Fizi nzima, mimi tu nilijua kwamba hakuambiwa kweli.

"Mama mudogo," nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nilifungua begi, kiboksi, karatasi. Kompasi ikaanguka chini.

"Mama mudogo! Ampule haiko ndani. Iko hapa."

Spana ikanyamaza. Nilikuwa nimenyoosha mkono, ampule kwenye kiganja, na watu wote wanaangalia kiganja changu.

"Ee!" akasema yule mama mwenye sauti kubwa. "Kumbe iko na sauti!"

"Nani anasema?" koko akauliza ndani ya gari.

"Ni mujukuu wako, koko!"

"Uongo."

Watu walicheka. Mama mudogo hakucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu juma ya fizikia."

"Na kila asubuhi nasukuma motokari, we uko pembeni yangu, unasukuma pia?"

"Ndiyo."

"Na ampule iko ndani ya begi."

"Ndiyo."

Aliokota kompasi, akaitia ndani ya begi langu. Nilitaka anipige, ingekuwa rahisi. "Tutasema nyumbani," alisema. "Sasa irudishe mwenyewe. Mikono ilitoa, ile ile itarudisha."

Nilipanda, nikalala chini ya usukani, nikapapasa kishikio nyuma ya tablo. Robo mzunguko. Koko alinishika sikio kutoka kitini, akasema, "Ni yeye kweli." Fundi aliazima batri kutoka kibandani mwake, akaunganisha waya mbili. Mama mudogo akazungusha ufunguo nusu.

Ikawaka. Nyekundu, ndogo, mahali pake.

Hata mchana ule nilidhani inaangaza gari lote. Mama mudogo hakuisalimia. Alizungusha nusu ya pili, injini ikakohoa, ikashika, na taa ikaanza kufifia, taratibu, taratibu, ikazimika. Fundi akaweka kipimo chake kwenye batri, akafungua lile jicho alilokuwa amefunga.

"Inakula," alisema.

Kisha akakaza upya ile bolti, akaja upande wangu akifuta mikono. Nilingoja karipio. "Nani alikuambia ile taa haina kazi?" aliuliza.

"Niliwaza mwenyewe. Ju inazima motokari ikitembea."

Alicheka peke yake. "Mi nilipoanza kazi niliwaza vile vile. Lakini mi niliuliza muntu."

Tuliacha injini ingurume muda mrefu ili batri ipate nguvu, fundi akarudisha yake, tukashuka Baraka. Njia nzima sikuangalia ziwa lilipojitokeza chini, ambalo kwa kawaida ndilo ninalolingojea. Nilisimama nyuma nimeshika chuma, ninatazama juu ya bega la mama mudogo, pale chini ya saa ya mwendo iliyokufa. Kila shimo lilipotutupa nilisubiri nione nyekundu. Haikuwaka. Pande mbili zilikuwa sawa kilomita zote, na kwa mara ya kwanza nilijua kwamba kutowaka kule ni kazi.

Nyumbani mama mudogo alinipa adhabu yake. Hakupaza sauti. "Kuanzia sasa," alisema, "bamama wakiuliza kama mutoto amelala, mi sijibu tena. We njo utajibu. Na kama haujajibu, motokari haiondoke." Ningependa zaidi kuchota maji mwezi mzima. Nafikiri alilijua hilo.

Koko alipasuliwa Ijumaa asubuhi, jicho la kulia. Wakati wa kumrudisha Lubondja ulipofika, kitambaa kilikuwa kimetolewa, ameshaona mikono yake na kusema imezeeka bila ruhusa. Aliniangalia mimi muda mrefu, akasema, "Nilizania uko mudogo." Alikaa mbele. Bamama walipanda nyuma na mizigo yao, mimi juu ya gunia la chumvi.

Mama mudogo akazungusha ufunguo nusu.

"Iko kitu pale," koko akasema, akinyoosha kidole. "Nyekundu. Kama pilipili."

"Umeona, mama?" Mama mudogo alisema hivyo tu, akafuta uso kwa mgongo wa mkono, akawasha injini.

Taa ikafifia, ikapotea. Koko akashika jicho lake jipya kwa viganja vyote viwili. "Imepotea! Imepotea tena! Macho yangu!"

Mama mudogo aligeuka amjibu, kisha akafunga mdomo, akanitazama kwenye kioo. Kule nyuma yule mama mwenye sauti kubwa alikuwa tayari.

"Yule mutoto amelala?"

Watu kumi na moja, nilikuwa nimewahesabu, na koko. Nilisimama juu ya chumvi.

"Hailale!" nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoituma. "Koko, toa mikono. Jicho yako iko muzima. Taa imezima ju pande mbili ziko sawa. Iko inapima."

Koko akatoa mkono mmoja, kisha wa pili. Akaangalia tablo, akaangalia barabara, mbuzi, watu, ukuta wa nyumba ya jirani.

"Basi twende," alisema, na mama mudogo akakanyaga.